Kabla ya kulaumu chanjo ya kideri, mfugaji aitazame Gumboro

Kuku wakifa kwa wingi katika pwani ya Kilwa na Lindi, mshtakiwa wa kwanza huwa ni kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Mshtakiwa wa pili, hasa pale mfugaji anapokuwa amechanja, huwa ni chanjo yenyewe. Husemwa kwamba ilikuwa feki, au muda wake ulikwisha, au mwenye duka aliizima friji usiku ili kuokoa umeme.

Baadhi ya lawama hizo huwa ni za kweli. Hata hivyo, ipo sababu nyingine ambayo haizungumzwi sana vijijini wala kwenye maduka ya pembejeo. Chanjo inaweza kuwa nzima na mchanjaji akawa amefanya kazi yake vizuri, lakini kuku mwenyewe akawa hana tena uwezo wa kujenga kinga. Uwezo huo uliharibiwa wiki kadhaa nyuma, akiwa bado kifaranga, na kirusi kingine ambacho mfugaji hakukiona kikiingia bandani.

Kirusi hicho ni cha Gumboro. Mfugaji mdogo wa Kilwa anayenunua vifaranga vya kisasa au chotara bila kupanga namna ya kukizuia, ananunua hasara. Na kikundi au halmashauri inayogawa vifaranga bila kupanga chanjo ya siku 28 za kwanza, inagawa hasara hiyo kwa watu wengi zaidi.

Kambi ya mafunzo ya askari

Ili kuelewa madhara ya Gumboro, ni vizuri kujua namna kuku anavyojilinda. Juu kidogo ya tundu la kutolea kinyesi, ndani ya mwili wa kifaranga, kuna kifuko kidogo ambacho wataalamu hukiita bursa ya Fabricius, kwa jina la mwanasayansi wa Italia aliyekieleza zaidi ya miaka 400 iliyopita. Kwa kifaranga cha wiki chache, ukubwa wake haupishani sana na punje kubwa ya karanga. Kuku akikomaa, kifuko hicho husinyaa.

Kwa miaka mingi hakuna aliyejua kazi yake. Katika miaka ya 1950, mtafiti kijana wa Chuo Kikuu cha Ohio State nchini Marekani, Bruce Glick, alikuwa akikiondoa kifuko hicho kwa vifaranga ili aone kitatokea nini. Mwenzake, Timothy Chang, aliwatumia baadhi ya kuku hao kuwaonyesha wanafunzi jinsi mwili unavyotengeneza kinga dhidi ya vijidudu. Kuku wale hawakutengeneza kinga yoyote. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1956 na yakabadilisha elimu ya kinga duniani. Seli B, ambazo hata binadamu anazo, zilipata herufi hiyo kutokana na neno bursa.

Kwa lugha nyepesi, bursa ni kama kambi ya JKT kwa askari wa mwili wa kuku. Seli changa huingia humo, hufundwa, kisha hutoka zikiwa na uwezo wa kutengeneza silaha dhidi ya kideri, ndui, mafua na maradhi mengine. Chanjo haileti askari kutoka nje. Kazi yake ni kuwaonyesha askari waliopo sura ya adui ili wamtambue akija.

Kirusi cha Gumboro hushambulia kambi hiyo yenyewe. Huingia na chakula, maji au kinyesi, hufika kwenye bursa na kuua seli zilizomo katika mafunzo. Ndiyo sababu kuku aliyeugua mapema anaweza kuchanjwa kideri mara tatu na bado akafa kwa kideri. Sura ya adui ameonyeshwa, lakini waliopaswa kuitambua hawapo.

Kundi lisilokufa ndilo la hatari

Ugonjwa huu umepewa jina la eneo la Gumboro katika jimbo la Delaware, Marekani, ulikogunduliwa na kuelezwa mwaka 1962. Aina zake kali sana zilienea Ulaya, Asia na Afrika mwishoni mwa miaka ya 1980, na Tanzania haikusalimika.

Wafugaji wengi wanaujua kwa sura yake ya wazi. Vifaranga vya kati ya wiki tatu na sita hujikunyata, manyoya husimama, huharisha kinyesi cheupe cha majimaji na hudonoa sehemu ya nyuma. Vifo huanza ghafla, hupanda kwa siku tatu au nne, kisha hupungua na kukoma ndani ya wiki moja hivi. Katika kundi la kuku wa mayai, aina kali inaweza kuondoa nusu ya banda au zaidi.

Sura hiyo inatisha, lakini angalau inaonekana. Mfugaji anajua amepata msiba na anatafuta ushauri. Iliyo mbaya zaidi kiuchumi ni sura ya pili, pale kirusi kinapowapata vifaranga wenye umri wa chini ya wiki tatu. Hao mara nyingi hawaonyeshi dalili na wengi hawafi. Wanakula, wanakua, na mfugaji anamshukuru Mungu kwamba safari hii ameanza vizuri.

Bursa zao, hata hivyo, zimekwisha kuharibika, na kwa umri huo uharibifu unaweza kubaki maisha yote. Kuanzia wiki ya tano au ya sita hasara huanza kuingia kidogo kidogo. Wengine hukohoa, wengine huharisha damu, wengine hudumaa, na kila wiki huokotwa kuku wawili au watatu waliokufa. Kideri kikipita kijijini hufagia waliobaki, pamoja na kwamba walichanjwa.

Hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Mfugaji hununua antibaiotiki ya unga, akimaliza hununua nyingine yenye rangi tofauti, na jirani humshauri ya tatu. Antibaiotiki haiui kirusi. Inaweza kusaidia pale bakteria wanapovamia kuku aliyedhoofika, na hiyo ni kwa ushauri wa mtaalamu, lakini haiwezi kuirudisha bursa iliyokwisha kufa. Mfugaji anayetumia dawa kila wiki huongeza gharama, huuza nyama na mayai yenye mabaki ya dawa, na husaidia vijidudu kuzoea dawa ambazo zingefaa siku nyingine.

Hasara nyingine haimo kwenye daftari, nayo ni ya imani. Kuku wa mtu aliyechanja wakifa, kijiji kizima hupata sababu ya kutochanja. Jirani mwenye kuku 15 wa kienyeji, ambaye hana tatizo la Gumboro na ambaye chanjo ya kideri ingemfaa kabisa, naye huacha.

Gumboro ina wenzake

Gumboro si kirusi pekee kinachobomoa kinga. Ugonjwa wa mahepe, unaojulikana pia kama Marek, husababishwa na kirusi kinachosambaa kwa vumbi la manyoya. Hupoozesha miguu, huleta uvimbe ndani ya mwili na hudhoofisha kundi jingine la seli za kinga. Chanjo yake hutolewa kwa sindano siku ya kwanza, kwenye kiwanda cha kutotoleshea, kabla kifaranga hakijasafirishwa. Kikifika Nangurukuru bila chanjo hiyo, nafasi nzuri ya kukikinga imekwisha kupita.

Upo pia ugonjwa wa upungufu wa damu wa vifaranga, ambao kirusi chake kiligunduliwa Japani mwaka 1979. Huu unaweza kupita kutoka kwa mama kwenda kwa kifaranga kupitia yai. Kwa hiyo swali la wazazi wa kifaranga walichanjwa nini si la anasa. Mnunuzi ana haki ya kuliuliza na muuzaji makini atakuwa na jibu, ikiwezekana la maandishi.

Mbali na virusi, sumukuvu nayo hupunguza kinga. Katika pwani yenye unyevunyevu kama ya Lindi, mahindi na mashudu yaliyohifadhiwa vibaya huota ukungu upesi. Wapo wanaoona mahindi yaliyooza hayafai kwa ugali lakini yanafaa kwa kuku. Hayafai kwa yeyote, kwani kuku anayekula sumukuvu hupokea chanjo kwa udhaifu kama aliyeugua.

Chanjo ni kama samaki mbichi

Kwa kideri, mfugaji wa kijijini ana bahati ambayo mwenye Gumboro hana. Ipo chanjo ya I-2, iliyotokana na utafiti wa Profesa Peter Spradbrow wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, na ambayo Tanzania imekuwa ikiitengeneza yenyewe. Chanjo hiyo huvumilia joto kuliko nyingine, ingawa nayo si ya kuachwa juani. Hutolewa tone moja katika jicho moja, na hurudiwa kila baada ya miezi minne. Ilibuniwa kwa kuzingatia mazingira ya vijiji visivyo na friji.

Chanjo za Gumboro zinazopatikana madukani hazina uvumilivu huo. Zinahitaji ubaridi wa nyuzijoto 2 hadi 8 tangu kiwandani hadi kwenye maji ya kuku. Kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko ni safari ya zaidi ya kilomita 300, na barabara hiyo si ya kutegemewa kila siku. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya na mvua kubwa za kipindi hicho, ilikatika katika maeneo kadhaa ya Kilwa na mabasi yakakwama. Aprili 2025 ilikatika tena Somanga. Boksi la chanjo lililokaa ndani ya buti la basi kwa saa nyingi bila barafu halina tena chanjo. Lina maji na chupa.

Watu wa Kilwa hawahitaji kufundishwa somo hili upya, kwa kuwa wanalijua kwa samaki. Mvuvi wa Kivinje au Somanga hawezi kumtuma changu Dar es Salaam bila barafu na kutarajia bei nzuri. Chanjo hai ina tabia hiyo hiyo, na tofauti ni kwamba ikiharibika hainuki. Anayeipokea stendi anapaswa kufungua boksi na kuangalia kama barafu bado ipo, kabla ya kulipa.

Ikifika salama, bado inaweza kuuliwa nyumbani. Chanjo ya Gumboro kwa kawaida hutolewa kwenye maji ya kunywa, na maji ya bomba yenye klorini huiua. Yanafaa maji safi ya kisima yasiyo na chumvi kali, au ya mvua, katika vyombo vya plastiki vilivyooshwa bila kubaki sabuni wala dawa. Kuchanganya maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2 hadi 2.5 kwa lita moja, dakika 15 hadi 30 kabla ya kutia chanjo, huilinda.

Kazi hiyo ifanyike asubuhi na mapema. Vifaranga huzuiwa maji kwa saa moja hadi mbili, wasizidishiwe kwa sababu ya joto la pwani, kisha huwekewa maji ya chanjo yanayoweza kwisha ndani ya saa mbili. Vyombo viwe vya kutosha ili wanyonge nao wanywe. Vifaranga wagonjwa wasichanjwe.

Kwa nini mara mbili

Ratiba inayotumiwa na wafugaji wengi nchini ni chanjo ya kideri siku ya 7, Gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21 na Gumboro tena siku ya 28. Ndui hufuata baadaye, kwa kuchomwa kwenye bawa. Wapo wanaoruka dozi ya pili ya Gumboro kwa kudhani ni njia ya muuzaji kuongeza mauzo.

Sababu yake ni ya kibaiolojia. Kuku mama aliyechanjwa humpa kifaranga akiba ya kinga kupitia kiini cha yai. Akiba hiyo humlinda siku za mwanzo, lakini pia huiua chanjo inayotolewa mapema mno. Vifaranga vya kundi moja havimalizi akiba yao siku moja. Dozi ya kwanza huwapata walioimaliza mapema, na ya pili huwapata waliobaki. Anayeruka ya pili huacha sehemu ya banda ikiwa wazi katika wiki zile zile ambazo kirusi kinaipenda bursa kuliko wakati wowote.

Aidha, si kweli kwamba chanjo kali ndiyo bora. Chanjo kali ya Gumboro ikitolewa kwa kifaranga mdogo asiye na akiba ya mama inaweza yenyewe kuiumiza bursa. Uchaguzi huo ufanywe na ofisa mifugo anayejua vifaranga vimetoka wapi.

Hesabu ya chupa moja

Wafugaji wadogo wana pingamizi la haki. Chupa huja na dozi nyingi, pengine 500 au 1,000, wakati mtu ana vifaranga 200. Ikishafunguliwa na kuchanganywa haiwekwi hadi kesho.

Chukua mfano wa hesabu, kila mmoja aweke bei za kwake. Mfugaji ananunua vifaranga 200 kwa Sh2,000 kila kimoja, jumla Sh400,000. Hadi wiki ya nane kila kuku amekula kilo 2 za chakula cha Sh1,200 kwa kilo, jumla Sh480,000. Kila kuku sasa amegharimu Sh4,400, bila kuhesabu mkaa na nguvu za mtu.

Chupa nne, mbili za kideri na mbili za Gumboro, zikigharimu Sh10,000 kila moja, na barafu pamoja na usafiri vikawa Sh20,000, jumla ni Sh60,000. Kiasi hicho ni sawa na gharama ya kuku 14. Kwa hiyo chanjo ikiokoa kuku 14 tu kati ya 200, yaani asilimia 7, imejilipa hata kama dozi nyingi zilimwagwa.

Wakiungana wafugaji watano, kila mmoja na vifaranga 200, chupa za dozi 1,000 zitawatosha wote na kila mmoja atatoa Sh12,000. Hiyo haifiki gharama ya kuku watatu.

Sharti la hesabu hiyo ni moja, nalo ndilo huvunja vikundi vingi. Vifaranga vyote lazima viwe na umri mmoja. Wanakikundi wakinunua kila mtu kwa siku yake, siku ya 14 ya mmoja ni siku ya 3 ya mwingine, na chupa haigawanyiki. Kuagiza vifaranga siku moja ndiko kunakoifanya chanjo iwe nafuu, na hakuhitaji mkopo wala mradi.

Mkoani Lindi jambo hili halipaswi kuwa gumu, kwa sababu fedha yenyewe ina msimu. Fedha ya ufuta huingia katikati ya mwaka na ya korosho huingia kuanzia Oktoba, minada inapofanyika. Watu wengi hununua vifaranga wakati mmoja bila kukubaliana. Kinachotakiwa ni kukubaliana.

Tenga na banda

Kirusi cha Gumboro ni kigumu. Kinaweza kubaki bandani kwa miezi baada ya kuku kuondoka, na dawa nyingi za kawaida hazikiui kikiwa kimefunikwa na kinyesi. Maranda yaondolewe yote na kuzikwa au kuchomwa, banda lisuguliwe kwa sabuni na maji, kisha ndipo dawa ipulizwe. Chokaa iliyochanganywa upya na kupakwa ukutani na sakafuni husaidia, na pwani haina uhaba wa chokaa. Baada ya hapo banda likae tupu angalau wiki mbili hadi tatu. Kuweka vifaranga vipya pembeni ya kuku wakubwa ni kukipa kirusi daraja.

Wachuuzi nao wana sehemu yao. Tenga lililobeba kuku kutoka vijiji vitatu na kurudi bila kuoshwa hubeba maradhi ya vijiji vitatu. Mwenye kuku wanaokufa huwa na haraka ya kuuza waliobaki kabla hawajaisha, na mchuuzi huwa na haraka ya kununua kwa bei ya kutupa. Faida hiyo ya siku moja huwarudia wote wawili, kwani mchuuzi hana biashara katika vijiji vilivyokwisha kuku. Kwa wakazi wa visiwani, kama Songo Songo, bahari inaweza kuwa karantini ya bure iwapo kuku wageni watatengwa wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wenyeji.

Kuku wa kienyeji wabaki kwenye ratiba yao

Haya hayana maana kwamba kila mwenye kuku anunue chanjo ya Gumboro. Mama mwenye kuku kumi wa kienyeji wanaojitafutia chakula anapaswa kuanza na kideri, kila baada ya miezi minne, kwa sababu hicho ndicho kinachomaliza kuku wake. Kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo iliyozinduliwa Bariadi, mkoani Simiyu, Juni 2025 imewajumuisha pia kuku wa kienyeji, nayo ni hatua nzuri inayostahili kuungwa mkono.

Tofauti inakuja pale mtu anapoingiza vifaranga 100 au zaidi ndani ya banda moja, hasa chotara na kuku wa mayai. Hapo amebadilisha aina ya ufugaji na maadui wamebadilika pia. Wapo wanaosema dawa ni kuachana na chotara kabisa. Ushauri huo unawafungia watu wa Kilwa soko la mayai ambayo bado husafirishwa kutoka mbali, wakati tatizo linaweza kupangwa na kudhibitiwa.

Halmashauri ianzie wapi

Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na ufugaji wa kuku ni miongoni mwa miradi inayoombwa sana. Andiko la mradi huonyesha bei ya vifaranga, chakula na faida. Chanjo, ikitajwa, hukaa mstari wa mwisho.

Utaratibu huo ugeuzwe. Kikundi kisipewe fedha za vifaranga hadi kionyeshe mambo matatu: ratiba ya siku 28 iliyosainiwa na ofisa mifugo wa kata, mahali chanjo itakapohifadhiwa, na jina la mwanakikundi aliyefundishwa kuchanja. Fedha za vikundi vya tarafa moja zitolewe kwa wakati mmoja ili waagize pamoja. Hilo halihitaji bajeti mpya, bali kalenda.

Pili, friji na barafu. Tangu 2004 gesi ya Songo Songo inazalisha umeme unaowasha majokofu ya Dar es Salaam. Septemba 2023 liliwekwa jiwe la msingi la bandari ya uvuvi Kilwa Masoko, mradi unaohusu pia uhifadhi wa samaki kwa ubaridi. Wilaya inayojipanga kugandisha samaki kwa tani haiwezi kukosa friji moja ya uhakika ya chanjo Masoko, nyingine Nangurukuru na nyingine Somanga, na siku inayojulikana ya mwezi ambapo kila mfugaji anajua chanjo ipo.

Tatu, ukweli kuhusu kinachoua. Ofisa mifugo aliyefunzwa, akimpasua kuku aliyekufa, anaweza kuona bursa iliyovimba au iliyosinyaa, au damu iliyovilia kwenye misuli ya mapaja, na kutofautisha Gumboro na kideri. Pale panapokuwa na shaka, sampuli inaweza kupelekwa kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania kilichopo Mtwara. Kuku wawili waliopasuliwa mapema wana faida kuliko pakiti kumi za antibaiotiki zilizonunuliwa kwa kubahatisha.

Wenye maduka ya pembejeo hawataumia kwa mpango huu. Watauza dawa kidogo za kubahatisha, lakini watauza chanjo, chakula na vifaa kwa wateja ambao kuku wao wanafika sokoni na ambao mwaka ujao wataagiza tena.

Msimu wa korosho ukifika, fedha itaingia vijijini na vifaranga vitaanza kushuka kwenye mabasi Nangurukuru. Swali la kwanza la mfugaji lisiwe kifaranga ni shilingi ngapi. Aulize kwanza wazazi wake walichanjwa nini, chanjo ya siku ya 14 iko kwenye friji ya nani, na jirani yupi anaagiza siku hiyo hiyo. Asipopata majibu matatu, ni heri fedha yake ikae kidogo hadi ayapate.